Barua Iliyoziba Njia

Katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa korosho, Mtwara mjini, hakuna chombo kilicholala uchi. Bi Mwanakombo asingekubali. Redio ya meneja ilikuwa na kitambaa chake, simu ya mezani ilikuwa na chake, na kompyuta ilipoletwa na watu wa mradi mwezi wa kwanza mwaka 2003, haikumaliza wiki kabla ya kushonewa nguo tatu za kufuma kwa uzi mweupe: moja ya kioo, moja ya kibao cha herufi, na moja ya printa, hiyo ya mwisho ikiwa na pindo la maua ya manjano. Fundi Abuzar, aliyekuja kuifunga mitambo, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, hii mashine, si bi harusi."

"Vumbi halijui tofauti hiyo, mwanangu," Bi Mwanakombo akamjibu, akaendelea kupima upana wa printa kwa shubiri.

Alikuwa na miaka arobaini na minane, mzaliwa wa Mikindani, binti wa fundi cherehani aliyeshonea kanzu nusu ya mji. Ushirika aliuingia mwaka 1981 kama karani wa masjala, kile chumba cha mafaili kisicho na dirisha, ambako kazi yake ilikuwa moja tu: kujua kila barua iko wapi. Akakaa humo miaka minne, kisha akapelekwa kujifunza taipureta, akarudi nayo vidoleni kama mtu aliyezaliwa nayo. Mumewe, Ismaili, alikuwa akilalamika kwa majirani kwamba mke wake humchapia barua mgongoni akiwa usingizini, na kwamba siku moja aliamka akijisikia amepigwa muhuri. Mameneja watano walikuja na kuondoka. Yeye alibaki. Makatibu wa vyama vya vijijini, hata wale wasioweza kuelewana juu ya jambo lolote chini ya jua, walikubaliana kwamba barua ya Bi Mwanakombo haina alama ya kifutio.

Basi ndipo ikaja hiyo kompyuta, na pamoja nayo ikaja amri ya bodi. Meneja Josephu alimwita ofisini kwake akamsomea. Bodi imempa mwandishi wa meneja, yaani yeye, miezi mitatu ya kujaribiwa. Ikifika mwisho wa mwezi wa tatu, meneja aandike taarifa kwa mwenyekiti, kule Nanyamba anakoishi.

"Ukiiweza mashine, kiti ni chako mpaka ustaafu," meneja alimwambia. "Ikikushinda, tutakupeleka ghala la Nanyamba, ukapokee magunia. Si mimi, Bi Mwanakombo. Ni bodi."

Si mimi, ni bodi. Kila meneja anayejua kazi yake huwa na bodi ya kusingizia. Lakini Josephu hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mtu mwoga aliyevaa tai. Alikuwa amehudhuria semina ya kompyuta ya siku tatu, na cheti chake kilitundikwa ukutani kwenye fremu ya dhahabu, juu ya picha ya harusi yake. Ila tangu mashine ifike, hakuna aliyewahi kumwona akiigusa. Akipita karibu yake aliweka mikono nyuma, kama mtu anayepita karibu na mbwa wa mwenzake.

Bi Mwanakombo alijifunza kwa ubishi. Alimbana Abuzar kila alipopita mjini, akaandika kila alichoambiwa kwenye daftari la shule: kuwasha, kuhifadhi, kuzima. Kipanya kilimtesa wiki mbili, kikimkimbia mezani kama panya kweli. Mwezi wa pili ulipokwisha alikuwa anachapa barua, anazipanga, anazitoa. Kila jioni alizima kila kitu, akachomoa waya kwa sababu ya umeme wetu unaokwenda na kurudi utakavyo wenyewe, akaivisha mashine nguo zake, akaenda zake Mikindani akiwa na moyo mweupe.

Kwa hiyo Jumatatu ile, tarehe thelathini na moja mwezi wa tatu, hakuingia ofisini na hofu. Kazi ilikuwa moja. Tangazo la mkutano mkuu lilitakiwa kwenda kwa vyama ishirini na viwili vya vijijini, na katiba ya ushirika ilitaka liwafikie siku ishirini na moja kabla. Gari lingeondoka saa nane mchana kwenda Nanyamba, kabla mvua ya alasiri haijaifanya njia kuwa uji. Meneja naye alikuwa na barua yake ya kupeleka kwa mwenyekiti, ile taarifa, na Bi Mwanakombo alijua hilo vizuri sana. Alijua pia kwamba hakuwa ameletewa aichape, akajiambia ni haki, maana barua ya mtumishi haichapwi na mtumishi mwenyewe.

Akaivua mashine nguo, akachomeka, akawasha. Akachapa tangazo, akalisoma mara mbili, akaamuru litoke.

Kimya.

Printa ilikuwa inawaka taa yake ya kijani, imetulia, inamtazama. Akaamuru tena. Kimya. Akaamuru mara ya tatu, ya nne, na kwa kila amri akabonyeza kwa nguvu zaidi, kama kwamba mashine ina uziwi. Ilipofika mara ya kumi na nne, jasho lilikuwa linamtoka chini ya ushungi.

Habari za ofisini hazihitaji tarishi. Dakika tano hazijapita, Magreth, karani wa hesabu, alikuwa amekwisha kuacha meza yake.

"Wino umekwisha, mama," alisema.

"Wino tumeweka Alhamisi."

"Basi imekasirika. Huwa zinakasirika. Kule kwa shemeji yangu walikuwa nayo moja, mpaka uipige ubavuni."

Akaipiga ubavuni. Haikusema kitu. Akafuata Hassani, tarishi, mzee aliyebeba barua za ushirika kwa baiskeli tangu enzi ambazo hata baiskeli ilikuwa mpya. Hassani aliizunguka printa mara moja, mikono kiunoni.

"Joto," alitoa hukumu. "Mnaivalisha nguo nzito, nayo ni kitu cha baridi. Iacheni ipumue."

Wakaiacha ipumue. Magreth akaipepea kwa faili. Bi Mwanakombo akafungua ule waya mnene wenye skrubu mbili, akaupuliza, akaufuta kwa ncha ya khanga, akaukaza tena. Akatoa karatasi akazipanga upya. Akaiombea dua ya kimoyomoyo, ile fupi. Ilikuwa saa nne na nusu.

Akanyanyua simu kumtafuta Abuzar. Aliyepokea ni mkewe, Fatemazehra, aliyekuwa anamsaidia mumewe dukani.

"Abuzar amekwenda Kilambo, mama, kwenye ofisi ya mpakani. Mpaka Jumatano. Kuna nini?"

"Printa haijibu."

"Umeiwasha?"

Bi Mwanakombo akavuta pumzi. "Nimeiwasha."

"Umechomeka?"

"Binti yangu, isingewaka kama sikuchomeka."

"Basi zima vyote, uwashe tena. Yeye huwa anawaambia wote hivyo."

Akazima vyote, akahesabu mpaka ishirini, akawasha. Mashine ikaimba wimbo wake wa kuamka, taa ya kijani ikarudi, na kimya kikarudi pamoja nayo.

Hapo ndipo meneja Josephu alipotokea mlangoni. Hakuingia. Alisimama kizingitini, mikono nyuma.

"Nasikia imegoma."

"Imegoma kidogo, Meneja."

"Haijatoa kitu chochote? Hata karatasi moja?"

"Hata moja."

"Hata ya... ya zamani?"

"Ya zamani ipi?"

"Basi, nauliza tu." Akakohoa. Kisha akasema kwa sauti ya upole, na upole huo ulimchoma Bi Mwanakombo kuliko ukali: "Tusijitese. Hassani, kafungue stoo, utoe ile taipureta. Hata kwa kaboni, matangazo yatatoka."

Hakuna aliyesogea. Hata Magreth alijua maana yake. Taipureta ikitolewa stoo leo, siku ya mwisho ya miezi mitatu, mbele ya watu, basi taarifa imekwisha kujiandika yenyewe. Bi Mwanakombo aliliona ghala la Nanyamba likimjia na magunia yake yote. Aliwaona wajukuu wake Mikindani wakiulizana bibi anarudi lini. Aliogopa, na hasira ikamjia juu ya hofu, hasira ya mtu aliyefanya kila alichoambiwa.

"Nipe mpaka saa sita, Meneja."

"Gari..."

"Gari ni saa nane. Saa sita ikinikuta hivi, taipureta nitaibeba mimi mwenyewe kichwani."

Meneja akaitazama printa, akaitazama saa, akaondoka. Bi Mwanakombo akawafukuza Magreth na Hassani, akaketi, akaweka mikono mapajani. Hakugusa kitu. Ulikuwa mwendo wa kizamani, wa miaka ile ya chumba kisicho na dirisha.

Enzi zile za masjala, mkulima angekuja kutoka kijijini akiwaka moto: nimeandika barua mara tatu, hamnijibu! Vijana wa masjala walikuwa wanamwambia aandike ya nne. Mkuu wao, marehemu Mzee Yusufu, alikuwa anawagombeza. Barua haifi, alikuwa anasema. Barua isiyojibiwa iko mezani kwa mtu. Usimwandikie tena mkubwa, wala usimgongee mlango. Ondoka na barua yako tangu ilipozaliwa, meza kwa meza, na kila meza uulize: ilifika? ilitoka? Utakapoambiwa ilifika na hujaambiwa ilitoka, hapo ndipo ilipokaliwa.

Yeye tangu asubuhi alikuwa anafanya nini? Alikuwa anaandika ya nne. Alikuwa anaandika ya kumi na nne!

"Mpumbavu mimi," akasema kwa sauti, karibu kwa furaha.

Akaanza mezani kwake. Barua ilizaliwa hapa, kwenye kioo. Ilifika? Ilifika, ndiyo hii. Ilitoka? Aliamuru itoke, na mashine haikukataa. Ilikubali kama karani mwenye adabu. Kwa hiyo ilitoka. Ikafika wapi? Printa haikuipata, hilo liko wazi. Basi kati ya kioo na printa kuna meza nyingine ambayo hakuwa ameitembelea. Kuna mtu amekaa hapo katikati na barua zake.

Akaanza kupekua daftari lake la shule. Akakuta, kwenye ukurasa wa mwezi wa kwanza, kamchoro ka printa ndogo alikokachora siku Abuzar alipomwonyesha kitu kwa haraka huku akimalizia chai: *pembeni ya saa, chini kulia, bonyeza mara mbili.* Hakuwa amewahi kukihitaji. Akatazama chini kulia. Pembeni ya saa, kweli, kulikuwa na printa ndogo kuliko ukucha. Akabonyeza mara mbili.

Ikafunguka orodha. Subhanallah. Ilikuwa masjala nzima! Barua zimepanga foleni, moja chini ya nyingine, kila moja na jina lake na saa yake. Chini kabisa kulikuwa na tangazo lake la mkutano, mara kumi na nne, kama watoto wa shule waliopanga mstari. Na juu yao, mbele ya mstari, kulikuwa na barua nyingine, mara kumi na moja, ambayo si yake. Tarehe yake ilikuwa ya Jumamosi, saa tano asubuhi, wakati yeye alikuwa Mikindani anafua.

Na juu ya orodha yote, mwisho wa jina la printa, kulikuwa na neno la Kizungu: *Paused*. Alilisoma mara moja akalitambua, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kwenye kitufe cha redio kaseti yake nyumbani. Yeyote wa rika lake aliyewahi kurekodi taarabu kutoka redioni analijua. Mtangazaji akianza maneno yake unakibonyeza, kaseti inasimama. Wimbo ukirudi unakibonyeza tena, inaendelea. Kaseti haikuharibika, na redio haikukasirika. Imesimamishwa tu, na aliyeisimamisha amesahau kuiachia.

Akatafuta neno hilo kwenye orodha ya amri, akalikuta limewekewa alama ya vema. Akalibonyeza. Alama ikaondoka.

Printa ikaguna. Ikajinyoosha. Ikavuta karatasi.

"Magreth! Hassani!" Walikuwa nje ya mlango wakisikiliza, wakaingia kwa pamoja wakagongana. Karatasi ya kwanza ilitoka, ya pili, ya tatu, printa ikizitema kama mtu aliyefungwa mdomo siku mbili, na Hassani akawa anapiga makofi kwa kila moja. Bi Mwanakombo aliichukua ya kwanza, bado ina joto. Akaisoma amesimama.

*Yah: Taarifa ya Mwandishi na Ombi la Kijana wa Kompyuta.* Ndugu Mwenyekiti aelezwe kwamba Bi Mwanakombo ameshindwa mashine kabisa. Umri umemtupa mkono. Muda mwingi anautumia kuifumia vitambaa. Meneja anaomba aletewe kijana mwenye ujuzi kutoka Dar es Salaam, na Bi Mwanakombo apelekwe ghala la Nanyamba kuanzia mwezi wa nne.

Iliuma. Asikwambie mtu kwamba mtu mzima haumizwi na karatasi. Miaka ishirini na miwili, na hata neno la kuaga hamna, tena barua imeandikwa Jumamosi kwa kujificha, na mtu ambaye asubuhi hii alisema naye kwa upole mlangoni. Magreth alisomea begani kwake akashika mdomo.

"Ichane, mama. Zichane zote! Si hajui kama zimetoka?"

Bi Mwanakombo alikuwa anaitazama printa, iliyokuwa inatoa nakala ya saba, ya nane. Kisha, pole pole, kitu kikaanza kumtekenya. Huyu mtu alikuja Jumamosi kuandika kwamba mwingine hawezi mashine. Akachomeka kompyuta, printa akaiacha na kitambaa chake na waya wake umechomolewa. Akaamuru barua itoke mara kumi na moja kwenye mashine isiyo na umeme. Ilipokataa, akabonyeza kila alichokiona mpaka akaisimamisha ofisi nzima, akaondoka akaiacha barua yake imeziba njia. Na asubuhi akaja kuuliza, mikono nyuma, kama kuna karatasi ya zamani. Alianza kucheka kwa pua, kisha kwa tumbo, mpaka Hassani akamletea kiti.

"Hatuchani karatasi ya ofisi," alisema alipopata pumzi. "Barua ikifika masjala, inaingizwa."

Nakala kumi na moja zilipokwisha, matangazo yakafuata, kumi na nne yaliyojileta yenyewe. Akaongeza manane, yakatimia ishirini na mawili. Akayapanga kwenye faili la saini. Barua ya meneja akaiandikia namba ya kumbukumbu, maana haikuwa nayo, akaiweka chini ya matangazo yote. Saa sita kasoro dakika kumi, akabisha hodi.

"Imekubali?" meneja aliuliza, akiinuka nusu.

"Imekubali, Meneja. Kulikuwa na barua moja imeziba njia, nimeitoa."

Josephu alitia saini tangazo baada ya tangazo, haraka haraka, kama kawaida yake bila kusoma. Alipofika la ishirini na mbili na kuligeuza, kalamu ilisimama hewani.

"Hii..." alisema. "Hii niliandika Jumamosi."

"Naona. Umeituma mara kumi na moja, Meneja. Nakala nyingine kumi ziko kwangu. Gari linaondoka saa nane na mfuko wa barua naufunga mimi. Ukitia saini itakwenda. Sikuja kukuomba."

Na kweli hakuwa anaomba. Alisimama wima, mikono mbele, anamngoja kama alivyomngoja miaka yote. Meneja aliisoma barua yake upya, mstari kwa mstari, na alipofika pale penye vitambaa masikio yalimwiva. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Bi Mwanakombo. Mimi semina ile siku ya pili niliumwa tumbo." Akairudisha miwani machoni. "Siku ya pili ndiyo walifundisha printa."

"Pole."

"Niliogopa utaiweza, na mimi nibaki nasimama mlangoni." Akaikunja barua mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni. "Chukua kalamu. Nakusomea taarifa nyingine."

"Haiwezekani, Meneja. Barua ya mtumishi haichapwi na mtumishi mwenyewe. Kiti changu kipo na mashine inawaka. Njoo uichape, mimi nitasimama nyuma yako."

Basi watu wa ushirika waliona siku hiyo jambo ambalo wengine walilisafiria kutoka ghala la hapo uani kuja kulitazama dirishani: meneja Josephu, tai ameitupa begani, amekaa kwenye kiti cha mwandishi anachapa kwa kidole kimoja, anawinda kila herufi kama kuku anayedonoa. Saa saba ilimkuta katika mstari wa pili. Bi Mwanakombo hakumkaripia wala hakumsaidia kuchagua maneno. Alimwonyesha tu herufi ziliko alipopotea. Barua ilipokwisha ilikuwa na mistari minne. *Bi Mwanakombo ameiweza mashine. Leo asubuhi ilikwama, kosa likiwa langu, akaikwamua peke yake bila fundi. Kiti ni chake mpaka atakapostaafu. Naomba bodi imruhusu anifundishe na mimi.*

Akabonyeza itoke. Ikapita nukta moja ya kimya, mkono wake ukaruka kutaka kubonyeza tena, na Bi Mwanakombo akamshika kifundo.

"Mara moja, Meneja. Imesikia."

Printa ikaguna, ikavuta karatasi. Bi Mwanakombo akaipokea, akaisoma. Ile barua ya kwanza, yenye kumtupa, aliisoma bila chozi hata moja. Hii ya mistari minne ndiyo iliyomliza, akalia waziwazi mbele ya dirisha lililojaa watu, kalamu mkononi na rejesta imefunguliwa, asiweze kuona mstari, hata ikabidi Magreth aje kumwandikia namba ya kumbukumbu huku dereva wa Nanyamba akipiga honi.